"Habari za mtoto?" Nikajibu nzuri, tukanyimwa NDIS

Barua ya kwanza ilikuwa ndefu, lakini jibu lilikuwa hapo juu kabisa: mwanangu hakutimiza masharti ya NDIS, mpango wa serikali ya Australia wa kuwasaidia watu wenye ulemavu. Niliisoma nimesimama jikoni, kisha nikamwita binti yangu mkubwa aisome tena, maana Kiingereza changu cha barua bado kinachechemea. Akasoma. Jibu lilikuwa lile lile.

Mwanangu ana utindio wa ubongo. Alizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, Tanzania, baada ya uchungu wa siku mbili. Anatembea, ila kwa vidole, mguu wa kulia ukiburuza, na mkono wa upande huo umejikunja kama anabeba kitu. Tulifika Australia mwaka 2019 tukapangiwa Logan, kusini ya Brisbane. Yeye alikuwa na miaka mitano.

Jina kamili la mpango wenyewe ni Mpango wa Kitaifa wa Bima ya Ulemavu, lakini hapa hata mabibi wasiojua herufi wanasema "endiaiesi". Sheria yake ni ya mwaka 2013. Mimi neno bima ndilo lililonipoteza. Nilijua bima ni kitu cha kuchangia, na sisi tulikuwa hatujafanya kazi ya mshahara hata siku moja, basi nikakaa kimya nisionekane mroho. Kumbe ili uingie huchangii chochote, na hawaulizi una kipato gani wala una nyumba ngapi. Fedha zinatoka serikali kuu na majimbo, na kila mlipa kodi anasaidia kidogo kupitia makato ya Medicare, ile bima ya afya ya taifa, makato ambayo mwaka 2014 yalipandishwa kutoka asilimia 1.5 hadi 2 kwa ajili hiyo. Ukimya wangu ulitugharimu. Watoto wadogo wana njia yao nyepesi ya kuingilia, iliyokuwa ya walio chini ya miaka saba, na tangu Julai 2023 ikafika hadi chini ya tisa. Nilipokuja kuomba, mwanangu alikuwa amefika kumi.

Masharti ya mlangoni hayana utata. Siku ya kuomba uwe hujafikisha miaka 65. Uwe unaishi Australia, tena uwe raia, au na viza ya kudumu, au Mnyuzilandi mwenye ile viza maalumu ya kulindwa. Sisi tuliokuja na viza ya 200, ile ya wakimbizi, tumo tangu siku ya kutua. Binamu yangu wa Perth yuko na viza ya mwanafunzi, kwa hiyo mtoto wake hayumo, hata hali yake iwe nzito vipi. Mama mkwe wangu alikuja baadaye akiwa na miaka 67 na mguu mmoja uliokatwa kwa kisukari. Nikamjazia fomu kwa moyo wote, likarudi jibu la umri. Watu wa rika lake wanahudumiwa na My Aged Care, huduma ya serikali ya wazee, mlango mwingine kabisa. Angekuwa ameingia NDIS kabla ya 65, angeweza kubaki humo. Hilo nalo nililijua baada ya kujaza fomu.

Ugumu uko kwenye sharti la ulemavu. Lazima uwe wa kudumu, na uwe umekupunguzia sana uwezo katika angalau jambo moja kati ya sita: kutembea, kuwasiliana, kuhusiana na watu, kujifunza, kujihudumia mwili, na kujipangia mambo yako. Moja linatosha. Lakini jina la ugonjwa peke yake mara nyingi halitoshi. Utindio wa ubongo madaktari wanaupanga kwa ngazi tano. Mtu wa ngazi ya 3 hadi ya 5 hapati shida kubwa kuingia. Mwanangu ni wa ngazi ya 2, ile ya "anatembea, lakini". Hiyo "lakini" ndiyo unayotakiwa kuithibitisha.

Na mimi niliimeza. Siku ya mahojiano mkalimani alikuwa kwenye simu, nami niliwekwa mbele ya mwanamke mpole mwenye kompyuta. Habari za mtoto? Nzuri. Anakula mwenyewe? Anakula. Anavaa mwenyewe? Anavaa. Anatembea kwenda shule? Anatembea, tunamshukuru Mungu.

Sikusema uongo. Ndivyo tunavyojibu. Mtu anaweza kuwa anatoka matangani ukamsalimu akasema nzuri, kisha ndiyo akueleze msiba. Kwetu ile "nzuri" inafungua mazungumzo tu, na mkubwa akikuuliza mara ya pili ndipo unatoa la moyoni. Yule mwanamke hakuuliza mara ya pili. Aliandika nzuri, akaenda swali linalofuata. Halafu kuna aibu. Nilikotoka mama anapambana mtoto aonekane mzima, hasa mtoto ambaye wifi zako walishamsemea maneno. Miaka kumi nimemsitiri mtoto, leo nimwanike mbele ya mgeni?

Aliyenifumbua macho ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo aliyemwona shuleni, mmoja wa wale wanaoangalia mtu anavyovaa, anavyokula, anavyoshika kalamu. Alinisikiliza, kisha akasema, "Mama, usiniambie anaweza nini. Niambie wewe unafanya nini ili aweze." Akanipa kazi: nichukue daftari, wiki mbili, niandike kila msaada ninaompa, na dakika zake. Niandike kwa Kiswahili, litatafsiriwa.

Siku ya kwanza niliona ujinga. Siku ya tatu nikaanza kuogopa. Shati la shule, vifungo saba: anajaribu cha kwanza kwa mkono wa kushoto, kinateleza, ananiangalia, namfunga vyote. Soksi na kiatu cha kulia, dakika kumi na mbili, kwa sababu kisigino hakishuki na lazima nikandamize goti. Ugali anakula mwenyewe, kweli, baada ya mimi kumkatia matonge na kuyapanga upande wa kushoto wa sahani. Njia ya shule ameanguka mara nne kwa wiki, na mara zote binti yangu alikuwa amembebea begi. Usiku namgeuza mara mbili kwa maumivu ya mguu. Mambo haya nilikuwa nayafanya kama mtu anavyopumua, sikuyahesabu kuwa kazi. Wiki mbili zilipokwisha, daftari la kurasa 32 lilikuwa limejaa.

Ukikataliwa, una miezi mitatu tangu upate uamuzi kuomba uangaliwe upya na mtu mwingine ndani ya shirika lenyewe linaloendesha NDIS. Usikae nayo barua ukiililia. Wakikataa tena, kuna Baraza la Mapitio ya Utawala, lile lililochukua nafasi ya baraza la zamani la rufaa Oktoba 2024, lakini sisi hatukufika huko. Tulipeleka ripoti ya yule mtaalamu, barua ya daktari wa watoto iliyosema waziwazi kwamba hali ni ya kudumu, na tafsiri ya daftari. Safari hii nilimkataa jirani aliyejitolea kutafsiri. Ni mtu mwema, lakini mambo ya chooni ya mwanangu sitaki kuyakuta kanisani Jumapili. Ukipiga 131 450, namba ya huduma ya serikali ya ukalimani, unapata mkalimani wa Kiswahili, na kwa shughuli za NDIS hulipi.

Tukakubaliwa.

Sasa watu wananipigia simu kuuliza: je, wanakupa shilingi ngapi? Swali la pili: je, unalipwa kumlea? Nawajibu hivi. Pesa haziingii mfukoni mwangu. Kuna mpango wa maandishi wenye mafungu: la mahitaji ya kila siku, la kujenga uwezo, na la vifaa vikubwa. Kila kinacholipiwa lazima kihusiane na ulemavu wenyewe na kiwe cha lazima na cha maana kwa gharama yake. Mwanangu amepata saa za fiziotherapia, za tiba kwa vitendo, vishikizo vya mguu vya plastiki vilivyopimwa kwa mguu wake, na mtu wa kumsaidia saa chache kwa wiki. Kodi ya nyumba, chakula, dawa, hospitali, ada ya shule, hayo hayamo. Sindano za kulegeza misuli ni za upande wa afya. Tangu Oktoba 2024 kuna orodha rasmi ya kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa, na ni vizuri kuipitia kabla ya kununua kitu, kwa sababu ukinunua kisichomo unaweza kudaiwa. Ndugu wa nyumbani kulipwa ni jambo la nadra sana, kwa sababu za pekee. Mzazi anayelea anaangaliwa na Centrelink, ofisi ya serikali ya posho, kuna posho ya mlezi huko, na ya NDIS haipunguzi ya Centrelink.

Kuhusu kuzisimamia pesa, tulichagua msimamizi wa mpango. Yeye anapokea ankara na kulipa, na malipo yake yanatoka kwenye fungu lake, hayali saa za mtoto. Kujisimamia mwenyewe kunakupa uhuru zaidi, ila uwe mtu wa risiti. Mimi risiti nafungia vitumbua.

Mwezi ujao tuna mkutano wa kuuangalia mpango upya, kwa hiyo nimeanza daftari jipya. Juzi nimelikuta mezani limefunguliwa. Mwanangu sasa anasoma Kiswahili kidogo kidogo, amejifunza kwa dada yake. Pale nilipoandika "hawezi kufunga vifungo", amechora mstari kwa penseli na kuandika chini yake, kwa herufi zilizolala upande mmoja: "viwili vya chini naweza".

Kesho yake asubuhi nilikaa kitandani, mikono nimeikalia, nikamtazama. Vya chini viwili alivifunga kweli. Dakika tisa. Nimeziandika.