Naomi Alirudi na Nani?

Somo: Ruthu 1:19–22 na 2:17–20

Wapendwa katika Kristo, Bwana Yesu asifiwe.

Naomi alipoingia Bethlehemu baada ya kuishi Moabu yapata miaka 10, mji mzima ulitaharuki, na wanawake wakaulizana kama kweli huyu ndiye Naomi wanayemfahamu. Yeye akawakataza kumwita kwa jina hilo lenye utamu ndani yake, akataka aitwe Mara, yaani uchungu, kwa kuwa alitoka akiwa amejaa na Bwana amemrudisha mikono mitupu. Tangu utotoni nilikisoma kitabu hiki kama habari ya Ruthu peke yake. Mwaka huu nimekisoma nikiwa mtu aliyerudi, ijapokuwa nakiri kwamba ulinganisho wenyewe umetiwa chumvi kidogo: sikukaa ugenini miaka kumi wala sikuzika mtu huko. Nilikwenda Leipzig, Ujerumani, kusoma muhula mmoja wa majira ya baridi, nikatoka nyumbani mwishoni mwa Septemba na kurudi Februari.

Kwa sisi Walutheri wa Kilimanjaro, Leipzig ni jina tulilokua nalo. Wamisionari waliofika Machame mwaka 1893 walitumwa na misheni ya mji huo, na kwetu Old Moshi wazee bado wanamtaja mmisionari Bruno Gutmann kana kwamba alihama juzi. Kwa hiyo nilikwenda nikidhani nitakuta makanisa yamefurika. Nilikuta ibada ya Jumapili inayodumu saa moja tu, yenye watu wachache ambao wengi wao walikuwa na umri wa bibi yangu, katika jengo ambalo usharika wetu wote ungeingia na nafasi ikabaki. Hata hivyo, Ijumaa jioni kanisa la Mtakatifu Thomas, liliko kaburi la mtunzi wa muziki Bach, hujaa watu wanaokuja kusikiliza kwaya ya wavulana, na sina hakika kama wote ni waumini. Jumatatu saa kumi na moja jioni nilihudhuria sala za amani katika kanisa la Mtakatifu Nikolai, sala zilizoanza mwaka 1982 chini ya serikali isiyoipenda dini, na ambazo tarehe 9 Oktoba 1989 zilitangulia maandamano ya watu wapatao 70,000. Mama mmoja mzee aliyekaa karibu nami alinieleza kwamba alikuwapo usiku ule. Mshumaa, alisema, huhitaji mikono miwili, mmoja wa kuushika na mwingine wa kuukinga na upepo, kwa hiyo hakuna mkono unaobaki wa kushika jiwe. Nilijifunza kwa mama yule zaidi ya nilivyojifunza katika mihadhara kadhaa, na sitaki mtu yeyote anayesoma tafakari hii adhani kwamba naidharau imani ya Wajerumani kwa sababu ya viti vitupu.

Shida yangu ilianza niliporudi.

Mdogo wangu alikuja kunipokea uwanja wa ndege wa KIA. Tulipanda Kosta hadi Moshi mjini, kisha gari dogo aina ya Noah la kupandisha kwetu, ambalo lilisubiri abiria mpaka lijae na baada ya kujaa likaongeza wengine wanne. Nilitazama saa mara nyingi kuliko nilivyotazama mlima. Njiani abiria mmoja alirusha chupa ya maji dirishani, nami nikasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwa dereva kwamba Ujerumani chupa ile ingerudishwa dukani na mwenye nayo angepewa senti 25 za euro. Kimya kikatanda. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akasema kwa upole, "Na sisi chupa za soda tulikuwa tunazirudisha dukani, mwanangu, kabla hizi za plastiki hazijaja." Nikamjibu, "Ni kweli, baba," lakini uso ulikuwa unaniwaka. Mdogo wangu alikuwa ameinama, anapanga upya mizigo yangu ambayo haikuhitaji kupangwa.

Nyumbani tulikuta mtori umekwisha iva na majirani wamekusanyika. Nilisahau kwamba kwetu kusalimiana ni kazi yenye hatua zake. Baada ya shikamoo na marahaba huja habari za safari, habari za masomo, habari za baridi, habari za wenyeji wako, na kila mgeni anayeingia huanza upya ingawa amesikia wenzake wakiuliza yale yale. Kule Leipzig niliweza kupanda tramu mwezi mzima na watu wale wale pasipo mtu kunifungulia kinywa, na mwanzoni nilililia jambo hilo. Kumbe taratibu nilikuwa nimelizoea, hata salamu ya shangazi ikanichosha kabla hajafika kwenye swali la tatu. Walinitazama kama wanawake wa Bethlehemu walivyomtazama Naomi. Huyu ndiye? Mbona amekonda hivi? Nami moyoni nilikuwa na jibu la Naomi kwa namna yangu: nilitoka kwenye utaratibu, nimerudi kwenye vurugu.

Jumapili hali ilikuwa mbaya zaidi. Baada ya ibada ndefu ulifuata mnada wa sadaka za mazao, na jogoo mmoja aliuzwa mara tatu, kwa maana kila aliyemnunua alimrudisha madhabahuni auzwe tena. Kisha yakaletwa mayai matano ya mama mjane. Nilikaa kwenye benchi nikilinganisha. Ujerumani mshiriki hukatwa kodi ya kanisa pamoja na kodi yake ya mapato, na katika jimbo lenye mji wa Leipzig ni asilimia 9 ya kodi hiyo. Serikali huikusanya na kulipatia kanisa, na hakuna anayejua jirani yako ametoa kiasi gani. Nilijiambia kwamba huo ndio ustaarabu, kwa kuwa hakuna anayeaibishwa kwa udogo wa bahasha yake. Bado naona kuna ukweli hapo, na ningependa wazee wetu wa kanisa waufikirie siku moja. Lakini nilikuwa na haraka ya kuhukumu mno hata sikuona kilichotokea mbele ya macho yangu. Aliyenunua yale mayai matano, kwa bei ambayo hakuna yai lililowahi kuifikia sokoni, alikuwa mdogo wangu, naye aliyachukua akaenda kuyaweka kwenye mfuko wa bibi.

Turudi kwenye somo. Naomi anapomaliza kusema kwamba amerudishwa mikono mitupu, mwandishi wa kitabu habishani naye. Katika mstari wa 22 anaandika tu kwamba Naomi alirudi, na Ruthu Mmoabi, mkwewe, alikuwa pamoja naye, na kwamba walifika mwanzoni mwa mavuno ya shayiri. Hebu fikirini Ruthu alivyosimama pale langoni. Ameiacha nchi yake, ameapa kufa mahali atakapofia mama mkwe wake, ametembea njia yote ile, na sasa anamsikia akiwaambia watu kwamba hana kitu. Biblia haituambii alijisikiaje. Mimi naamini aliinama na kupanga mizigo.

Ninamwelewa Naomi, na sitaki kumlaumu, kwa sababu amefiwa na mume na wana wawili na machozi huziba macho. Mimi sikuwa na machozi. Macho yangu yalizibwa na ulinganisho, ambao una ladha tamu mdomoni mwa anayeufanya. Tena Gutmann, mgeni kutoka Ujerumani, alifika Old Moshi na kuona katika ukoo, ujirani na urika wa Wachaga vifungo vinavyofaa kujengea usharika, wakati wenzake wengi waliona ushenzi tu. Yeye mgeni aliviona. Mimi mwenyeji nilirudi nikaona Noah iliyojaa kupita kiasi.

Sasa tazameni kinachomgeuza Naomi. Ruthu anarudi jioni kutoka kondeni akiwa amepura efa nzima ya shayiri, kipimo kinachozidi lita 20, na Naomi anamwuliza ameokota wapi leo na amefanya kazi wapi. Tangu walipoingia Bethlehemu, hilo ndilo swali la kwanza ambalo kitabu kinatuonyesha Naomi akimwuliza Ruthu kuhusu siku yake. Ni baada ya kusikia jibu ndipo Naomi anapolitaja jina la Bwana bila uchungu na kusema kwamba hakuuacha wema wake kwa walio hai na kwa waliokufa.

Nilifika kwenye mistari hiyo wiki ya pili tangu nirudi, katika ibada ya jumuiya asubuhi, na mwinjilisti aliisoma mara mbili kwa sababu mvua ilikuwa inapiga bati. Nilihesabu maswali niliyokuwa nimemwuliza mdogo wangu tangu KIA. Nilimwuliza kama kuna umeme. Nilimwuliza kwa nini maji hayatoki. Kila wiki nilipopiga simu kutoka Leipzig nilimsimulia theluji, na yeye aliguna na kucheka mahali pa kucheka.

Jioni ile nilimkuta jikoni akimenya ndizi. Nikachukua kisu kingine nikakaa kwenye kigoda mkabala naye, nikamwuliza miezi hii mitano yeye alikuwa wapi na alifanya nini.

Akadhani natania. Nilipokaa kimya, akaniambia kwamba mwezi wa Novemba, mvua za vuli zilipokolea, bibi aliteleza uani akaumia nyonga, na kwamba walikubaliana nyumba nzima wasinieleze mpaka nimalize mitihani. Yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka kliniki, wakati mwingine kwa bodaboda akiwa amemkumbatia kwa nyuma asidondoke, na yule mama mjane wa mayai ndiye aliyekuwa akija kukaa na bibi siku ambazo mdogo wangu alikwenda shambani. Akaacha kumenya ili anionyeshe kwa mikono jinsi walivyombeba mara ya kwanza. Ilipofika saa nne usiku alikuwa bado hajaufikia mwezi wa Desemba.