Bajeti ya uji huanza Februari

Kila Juni mji wetu hujaa fulana mpya. Mashirika ya kutetea wanyonge huchapisha mabango, humwandikia spika, huita wanahabari mbele ya bunge la kaunti. Ni mwezi wa bajeti na kila mtu anataka kusikika. Mimi ni mratibu katika shirika dogo linalofuatilia maslahi ya familia za kipato cha chini katika kaunti moja ya Pwani ya Kenya, na naona niseme wazi: kufikia Juni pesa zimeshagawanywa. Fungu la uji wa watoto wa chekechea tulilipata kwa sababu tulibisha hodi Februari, wakati wengi bado wanawaandikia wafadhili ripoti za mwaka uliopita.

Aliyenifungua macho ni karani mmoja wa kamati, mzee aliyekaribia kustaafu na asiyekuwa na haja ya kumpendeza mtu. Tulikuwa kibandani tukinywa chai, akaanza kunihesabia mashirika yaliyoleta memoranda, yaani maoni ya maandishi, mwaka ule. Yote yalikuja baada ya Aprili. "Mwanangu," akasema, "hawa huja karamuni masufuria yakishaoshwa." Kisha akanieleza ratiba yenyewe, jambo ambalo katika semina zote za utetezi nilizowahi kukaa hakuna aliyelieleza vizuri hivyo.

Iko hivi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka hazina ya kaunti ipeleke bungeni, kufikia tarehe 28 Februari, hati ya mwelekeo wa fedha ambayo ofisini kila mtu huiita CFSP. Bunge lina siku 14 za kuijadili. Hati hiyo ndiyo inayoipa kila idara kiwango chake cha juu cha matumizi. Makadirio kamili huja kufikia tarehe 30 Aprili, lakini kanuni za sheria hiyo za 2015 zinasema kwamba CFSP ikishapitishwa, mabadiliko bungeni hayawezi kuzidi asilimia 1 ya kiwango cha fungu. Piga hesabu: idara iliyowekewa shilingi milioni 400 haiwezi kuongezwa wala kupunguziwa zaidi ya milioni 4. Kwa hiyo mheshimiwa anayekuambia Juni kwamba "tutaliangalia" pengine hana roho mbaya. Kanuni imemfunga mikono, ila kukuambia hivyo mbele ya watu kunamshushia hadhi.

Nikarudi ofisini na jambo moja la kuishawishi bodi: tuombe kitu kimoja tu. Haikuwa rahisi. Wajumbe walitaka orodha iwe na maji, basari, dawa za zahanati na ushuru wa soko unaowaumiza akina mama mboga. Yote ni kweli na yote yanauma. Lakini basari ya sekondari ina mvutano wake kati ya kaunti na serikali kuu, na ukienda nayo wanasheria watakuzungusha mpaka uchoke. Elimu ya chekechea haina mvutano. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeikabidhi kaunti moja kwa moja. Mtoto wa PP1 na PP2, wa miaka minne mitano, ni wa kaunti, na njaa yake darasani ni ya kaunti vilevile. Tukakubaliana: uji, na uji tu.

Kukusanya ushahidi kulinichosha kuliko kazi nyingine zote. Tulihitaji idadi ya watoto waliosajiliwa katika kila kituo, kwa kila wadi. Ofisi iliyokuwa na takwimu hizo, sitaitaja, ilipokea barua yetu ikanyamaza. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu, na siku hizo zikapita bila neno. Nikaandika barua ya pili, ya upole kuliko ya kwanza, nikataja kifungu cha sheria na kuweka nakala kwa Ombudsman, anayepokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Haikupita muda mrefu majibu yakaja, tena mazuri kuliko tulivyotarajia. Nimeona mara nyingi kwamba barua ya ukali humpa afisa sababu ya kukukasirikia, lakini ya upole yenye nakala kwa Ombudsman humwachia kazi ya kufanya.

Walimu wa chekechea nao walitufungulia madaftari ya mahudhurio. Hapo ndipo kisa chote kilipokuwa kimelala. Mwalimu mmoja wa bara ya kaunti, kule mvua ikikosa kila kitu kinakosa, alinionyesha kwa kidole jinsi alama za kutokuwepo zinavyosongamana kuelekea Alhamisi na Ijumaa. Mwanzoni mwa wiki nyumbani huwa bado kuna kitu. Chakula kikiisha, mzazi anaona afadhali mtoto alale kuliko atembee na tumbo tupu. Na karibu na pale kaunti ilikuwa inajenga darasa jipya, zuri, la mabati ya rangi.

Sasa waheshimiwa. Watu hudhani kumshawishi mwakilishi wa wadi ni kumpelekea ripoti iliyojalidiwa. Haisomwi. Kila mmoja tulimwandalia ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, wenye jina la wadi yake juu kwa herufi kubwa, vituo vyake, watoto wake na gharama ya uji kwa muhula. Hata yule mkaidi kuliko wote aliusoma, kwa sababu alikuwa anatafuta kijiji chake.

Pia sikuwafuata ofisini. Niliwafuata nyumbani alfajiri, ambako ndiko wanakofanya kazi hasa. Ukifika kwa mwakilishi wa wadi saa kumi na mbili asubuhi utakuta foleni kwenye baraza: mmoja ana fomu ya hospitali, mwingine ana maiti haijatoka mochari, mwingine anataka nauli, mwingine karo. Mheshimiwa anatoa mfukoni mpaka mfuko unakauka. Hao ndio wanaobeba umaskini wa wadi kwa pesa zao, halafu sisi tunaingia na kuwahubiria kuhusu umaskini! Nikaanza kuzungumza nao kutokea hapo. Nilimwambia mmoja, "Mheshimiwa, uji ukiwa kwenye bajeti, foleni hii itapungua, na sifa itabaki yako." Akanitazama kwa muda, akaniuliza, "Hiyo hati inaingia lini?" Hapo nikajua tumeelewana.

Tulikwenda kwa kiongozi wa wengi na kwa kiongozi wa wachache katika wiki moja, ili pasiwe na upande utakaosema huu ni mradi wa wenzao. Mmoja alitaka tusimame kwenye hafla yake ya hadhara tumsifu kwa kipaza sauti. Nilikataa kwa heshima zote. Sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyopitishwa 2013 na kuanza kutumika Mei 2024, hairuhusu shirika kama letu kumpigia debe mgombea wala chama. Nilimwambia hivyohivyo, na nikaongeza kwamba akisimama bungeni kuutetea uji, Hansard, ile kumbukumbu rasmi ya mijadala ya bunge, itamsifu bila sisi. Alinuna kidogo, ila siku ya siku alisimama.

Kuhusu pesa: akina mama tuliokwenda nao bungeni tuliwalipia nauli na chakula cha mchana, kwa risiti. Hapakuwa na bahasha. Hili ni gumu kwetu, maana watu wamezoea kwamba kikao bila posho si kikao, na wapo waliokataa kuja. Waliokuja walikuja kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa lao.

Siku ya kusikilizwa na kamati ya bajeti, tulipewa dakika chache sana baada ya wakandarasi na chama cha wafanyabiashara. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Niliikunja. Aliyezungumza ni mama wa watoto watatu, mmoja wao yuko PP1. Siku kadhaa kabla tulikuwa tumekaa naye jikoni kwake tukipanga aseme nini, akatoa daftari la deni la dukani, lile la kurasa za mistari ambalo mwenye duka humwandikia kila mteja wa kukopa. Nikamwambia asitafute maneno mengine, aje nalo.

Alilifungua mezani akaanza kusoma. Jumatatu, unga nusu, sukari ya kupima. Jumanne, mafuta ya kadogo, chumvi. Jumatano, unga robo. Alhamisi hakuna kitu. "Alhamisi mwenye duka alinikatalia," akasema, "akaniambia dada, lipa kwanza la nyuma." Mwenyekiti akamwambia, "Mama, hebu lete hilo daftari." Likazunguka mezani kutoka mkono hadi mkono. Mjumbe mmoja, mfanyabiashara mwenyewe, akalifunua nyuma, akasoma wiki nyingine, na nyingine, kisha akamuuliza kwa sauti ya chini kama mtoto huenda shule hizo Alhamisi. Mama akajibu, "Mheshimiwa, aende akafanye nini? Hulala." Nikawagawia nakala za daftari la mahudhurio, Alhamisi zikiwa zimepigwa mstari mwekundu. Sikuongeza neno.

Maafisa wa hazina walikuwa na hoja yao, na haikuwa ya kipuuzi. Chakula ni matumizi ya kawaida, si maendeleo. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, na mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato, kwa hiyo nafasi ya matumizi ya kawaida imebana kila upande. Tulikuwa tumejiandaa kwa hilo. Tulichukua ripoti za Msimamizi wa Bajeti, ambazo ziko wazi kwa kila mtu, tukaonyesha mafungu ya safari na makongamano ambayo idara ilikuwa imeyatumia vizuri sana, bila kuchelewa hata kidogo. Kamati ikacheka. Afisa mmoja hakucheka.

Ripoti ya kamati ilipotoka, kiwango cha idara kilikuwa kimepandishwa, si kwa kiasi tulichoomba, na kwa sharti kwamba uji uanzie wadi za bara zenye ukame. Baadhi ya wenzangu waliona tumeshindwa. Mimi sikuona hivyo, ila niliwaelewa waliotoka wadi za mjini, ambako njaa ipo na haina picha nzuri ya ardhi iliyopasuka.

Halafu Aprili makadirio yakaja, na uji hauonekani. Pesa zilikuwa zimewekwa ndani ya "gharama nyingine za uendeshaji". Hapo wengi huachwa kwenye mataa, kwa sababu pesa isiyo na jina haina anayeweza kuidai. Tulirudi kwa kamati na ombi dogo mno: tusiongezewe hata shilingi, tuandikiwe mstari wetu wenyewe. Kubadilisha jina hakugusi ile asilimia 1. Wakaukubali karibu bila mjadala, na ule mstari ndio unaotuwezesha leo kufuatilia kila robo ya mwaka kilichotolewa na kilichotumika.

Mwaka wa fedha ulianza Julai, mgao kutoka Hazina ya Taifa ukachelewa kama kawaida yake, zabuni ya unga nayo ikachelewa. Uji ulianza kupikwa Januari. Nilikwenda kwenye kituo cha yule mwalimu na kukuta unga umefika magunia kwa magunia, lakini kuni hazimo kwenye bajeti, mpishi hayumo, vikombe havimo. Wazazi wamepangiana zamu. Kila siku mama mmoja anakuja na mzigo wa kuni na kupika uji mwenyewe, na siku hiyo haendi kibaruani, kwa hiyo kipato cha siku kimekwenda. Mwalimu aliniambia Alhamisi sasa darasa linajaa, kisha akaniuliza hizo kuni zitalipwa lini.

Mpango wa maendeleo wa mwaka unapaswa kuwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Memoranda ya kuni, mpishi na vikombe tumeshaianza, ukurasa mmoja kwa kila wadi, na safari hii wadi za mjini zimo.