Saa kumi na mbili ndani ya kaburi la Thutmose wa Tatu

Nilikuwa nasoma Cairo, na likizo moja ya majira ya baridi nilipanda treni ya usiku kwenda Luxor pamoja na mwenzangu wa Pemba. Makaburi mengine ya Bonde la Wafalme tuliyapitia upesi. La firauni Thutmose wa Tatu ndilo lililotushika.

Mlango wake uko juu, kwenye ufa wa jabali, unaufikia kwa ngazi za chuma. Ukishapanda unaanza kushuka, joto linazidi, unavuka shimo refu, unapita ukumbi wenye orodha ya miungu 741, ndipo unatokea chumba cha maziko. Hakina pembe. Kuta zimepinda kwa umbo la yai, umbo lile lile ambamo jina la firauni huandikwa. Dari ni ya buluu nzito yenye nyota za manjano. Ukutani kumejaa watu wa vijiti, kichwa na mistari tu, kwa wino mweusi na mwekundu, kama vile mtu amekunjua gombo la mafunjo akalibandika kuzunguka chumba kizima.

Hicho ndicho kitabu cha Amduat, safari ya jua usiku. Likishazama hupanda mashua na kupita kuzimu kwa saa kumi na mbili. Mwenzangu alikuwa akiifuatisha michoro kwa kidole, mara akanishika mkono.

"Shoga, hebu hesabu. Hii si saa yetu hii!"

Nikahesabu. Kumbe kweli! Muda wote Cairo nilikuwa nikigeuza saa kichwani kila nikiahidiana na mtu. Mle ndani sikuwa na haja. Saa ya kwanza huanza jua likitua. Saa sita, usiku wa manane, mungu jua anakutana na maiti yake mwenyewe na uhai unamrudia. Saa saba joka Apofisi ameziba njia, naye anafungwa na kuchomwa visu. Saa kumi na mbili, alfajiri, mashua inaburutwa ndani ya nyoka, inaingilia mkiani na kutokea kinywani. Walioingia wazee wanatoka watoto, na mbele kabisa jua lenyewe ni dundu.

Kwenye nguzo moja kuna mti wenye titi na mkono, unamnyonyesha mfalme. Maandishi yanasema ni mama yake, Isis. Mistari michache tu, lakini sijapata kuona mapenzi ya mama yamechorwa vizuri kuliko pale.

Jeneza la jiwe jekundu lipo, tupu. Victor Loret, mchimbuzi wa mambo ya kale kutoka Ufaransa, alipoingia mwaka 1898 hakumkuta mwenyewe. Wezi walikwisha kumvunjavunja, na makuhani wakamfunga upya kwa makasia ya mbao yaliyoshikilia mwili usiachane, wakamficha na wafalme wenzake huko Deir el-Bahari, upande wa pili wa jabali. Walitolewa humo mwaka 1881.

Tuliporudi Cairo tulikwenda kumwona kwenye jumba la makumbusho la Fustat, walikohamishiwa wafalme na malkia 22 mwaka 2021. Mwenzangu aliridhika: pana ulinzi, pana hewa ya kumhifadhi. Mimi naona saa zile kumi na mbili zilichorwa zimzunguke yeye, mle mle jiweni, na angerudishwa. Mpaka leo tukipigiana simu hatujakubaliana.