Jinsi nilivyobuni jiko moja la mezani linalopika kwa mvuke, kuoka na kubanika

Nimekamilisha jiko dogo la umeme la kuwekwa mezani, linalopika kwa mvuke, kuoka kwa hewa ya moto na kubanika kwa koili ya juu, yote hayo ndani ya chumba kimoja bila mpishi kulazimika kuhamisha chombo. Naandika kwa fahari kwa sababu jiko hilo linafanya kazi, na naandika pia kwa sababu ushauri mwingi niliopewa ulikuwa mbaya na bado nausikia ukirudiwa kwa watu wanaoanza kazi kama hii. Karibu kila mshauri alizungumzia njia za kupikia: ongeza hii, usiisahau ile. Hakuna aliyeniuliza swali lililonila muda kuliko mengine yote, yaani chakula kikishaiva kwa mvuke, maji yanakwenda wapi kabla koili ya juu haijawaka?

Ugumu wote umo humo. Katika shinikizo la kawaida la hewa maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, ilhali rangi ya hudhurungi na harufu ya ngozi ya kuku iliyobanikwa au ya ganda la mkate hutokana na mmenyuko ambao mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mwaka 1912, na ambao huanza kwenda kwa kasi ya maana pale uso wa chakula unapofikia nyuzi 140 hivi. Uso uliolowa hauwezi kufika huko, kwani joto lote unalolipokea huishia kugeuza maji kuwa mvuke. Anayetaka kuunganisha mvuke na ubanikaji katika jiko moja anaunganisha kazi inayohitaji maji na kazi isiyoyavumilia maji, na ubora wa jiko lake utapimwa katika dakika chache za kuvuka kutoka ya kwanza kwenda ya pili.

Ushauri wa kwanza nilioukataa ni ule wa kuongeza presha. Niliambiwa kwamba jiko la njia nyingi lisilo na presha halitapendwa, na ni kweli kwamba tangu mvumbuzi Mfaransa Denis Papin aonyeshe chungu chake cha presha mwaka 1679 inajulikana kuwa shinikizo linalozidi lile la kawaida kwa kilopaskali 100 huinua kiwango cha kuchemka hadi nyuzi 120 hivi na kupunguza sana muda wa kupika. Lakini nilikwisha kuamua kwamba jiko langu litakuwa na mlango wa kioo mbele, wenye sentimita 25 kwa 20, na shinikizo hilo lingeusukuma mlango huo kwa nguvu sawa na uzito wa nusu tani. Sufuria ya presha ni ya duara na ina mfuniko mzito unaojifunga kwa meno kwa sababu hiyohiyo. Kuipa sanduku la bati lenye mlango wa kioo kazi ya sufuria ya presha ni kuhatarisha uso wa anayepika, na sikulitafakari jambo hilo mara mbili.

Ushauri wa pili niliufuata, kwa kuwa ulionekana wa busara na ulikuwa rahisi kuujaribu: weka trei ya maji chini ya chumba, washa koili ya chini, na mvuke utajiletea wenyewe. Kwa upande wa mvuke trei ilifanya kazi vizuri sana. Viazi viliiva, na samaki walibaki na utomvu wao, maana mvuke unapogusa chakula cha baridi hurudi kuwa maji na kukiachia papo hapo joto kubwa mno, takriban kilojuli 2257 kwa kila kilo, na ndiyo maana nyuzi 100 za mvuke hupika haraka kuliko nyuzi 100 za hewa kavu. Kisha nikaweka kuku, nikampika kwa mvuke hadi akaiva, nikazima koili ya chini na kuwasha koili ya juu pamoja na feni.

Nilisimama mbele ya mlango na kutazama. Kioo kilikuwa na ukungu, na matone yalikuwa yakiungana na kuteremka hadi kwenye mfereji wa raba, ambako yalijikusanya kama kidimbwi chembamba. Ngozi ya kuku ilibaki nyeupe na laini. Koili ilikuwa nyekundu kabisa, feni ilikuwa ikizunguka, na kipimajoto cha hewa kilikuwa kimekwama juu kidogo tu ya nyuzi 100. Nilipofungua mlango, maji ya mferejini yalimwagika mezani, wingu la mvuke likatoka, na ndani ya trei bado kulikuwa na maji yapata gramu 400. Hapo nilikaa na kalamu, na hesabu ikaeleza kila kitu. Kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 huhitaji kilojuli 335 tu, lakini kuyafanya yote yawe mvuke huhitaji nyingine 2257, karibu mara saba zaidi. Gramu 400 zilizobaki zilidai kilojuli 900, kwa hiyo koili ya wati 1500 ingefanya kazi kwa dakika kumi kamili kuyaondoa maji hayo tu, bila kuhesabu joto linalopotea kupitia kuta, na muda wote huo nyama ingekuwa ikikauka ndani huku ngozi ikibaki mbichi nje. Nilipowaeleza washauri wangu matokeo haya, jibu lao lilikuwa niongeze wati. Jibu hilo liliniudhi, na linaniudhi hadi leo, kwa sababu wati zaidi zingewahisha kukauka kwa maji ambayo hayakupaswa kuwapo.

Suluhisho lilikuwa kuyatoa maji nje ya chumba cha kupikia. Nilitengeneza kichemshio kidogo cha alumini nyuma ya ukuta, chenye koili ya wati 1000 iliyozikwa ndani yake, na pampu ndogo ya kukidondoshea mililita 20 za maji kwa mara moja. Kiasi hicho huhitaji kilojuli 52 hivi tangu kikiwa baridi hadi kiishe kuwa mvuke, maana yake ni kazi ya dakika moja au zaidi kidogo, kwa hiyo wakati wowote ule hakuna maji mengi yanayosubiri kukaushwa.

Pampu ingejuaje kwamba dozi ya kwanza imekwisha? Niliambiwa ninunue kihisi cha unyevu, ambacho ni cha bei kubwa na huchakaa upesi katika mvuke wenye mafuta. Badala yake niliazima maarifa ya zamani. Sufuria ya umeme ya wali inayojizima yenyewe, ambayo Toshiba ilianza kuiuza nchini Japani mwaka 1955, ilikuwa na maji kidogo katika chombo cha nje. Maji yakiwapo joto hukaa karibu na nyuzi 100, na yakikauka joto hupanda ghafla na kuitegua swichi. Nilikibana kihisi joto cha kawaida kwa springi kwenye kitako cha kichemshio. Kikisoma zaidi ya nyuzi 105, dozi imekwisha. Kama zamu ya mvuke haijamalizika, pampu hutia dozi nyingine; kama imemalizika, jiko linajua kwa hakika kwamba kichemshio ni kikavu, hufungua kidirisha cha nyuma, feni huusukuma nje mvuke uliobaki chumbani, na koili ya juu huwashwa. Kihisi hicho kilinigharimu pesa kidogo sana ukilinganisha na kile cha unyevu, na kinafanya kazi mbili. Sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote katika jiko lote. Kuku aliyepikwa kwa mpangilio huu alitoka na ngozi ya hudhurungi iliyovunjika chini ya kisu, na nyama yake ikiwa bado na maji yake.

Kuhusu umeme, hesabu ifanywe kabla ya kununua koili. Saketi ya volti 120 na ampea 15 haiwezi kutoa zaidi ya wati 1800, na ile ya volti 230 na ampea 10 inaishia wati 2300. Nilijiwekea mpaka wa wati 1500 ili jiko likubalike kote. Koili ya juu, koili ya feni (ile ya kuokea kwa hewa ya moto) na kichemshio haviwaki pamoja kamwe. Vinapokezana kwa sekunde chache chache, na kwa kuwa chuma huhifadhi joto, chakula hakihisi tofauti yoyote.

Kulikuwa na tatizo jingine ambalo wengi hulitafuta mahali pasipo. Baada ya kupika kwa mvuke mara kadhaa, kikata umeme cha uvujaji, kile kinachotegua pale umeme unaovuja kwenda ardhini unapofikia miliampea 30, kilianza kuzima kila nilipowasha koili ya juu, kisha jiko likikaa siku kadhaa bila kutumika kikawa kinategua hata mapema zaidi. Fundi mmoja alisisitiza kwamba waya umechubuka. Waya ulikuwa mzima. Ndani ya koili ya aina hii, kati ya waya unaopata moto na mrija wa chuma wa nje, hujazwa unga mweupe wa oksidi ya magnesiamu, ambao ni kihami kizuri sana, yaani hauruhusu umeme kupita, ukiwa mkavu lakini hufyonza unyevu wa hewa kupitia ncha za mrija. Ncha za koili yangu zilikuwa ndani ya chumba chenye mvuke. Nilizikausha koili katika oveni nyingine kwa joto la wastani kwa saa nyingi, nikapima ukinzani kati ya waya na mrija hadi ukarudi juu, nikaziba ncha kwa silikoni ya kuhimili joto, na kuzitoa nje ya ukuta ili viungo vyote viwe upande mkavu. Tatizo halijarudi. Anayenunua koili azipime kabla ya kuzifunga, hata kama ni mpya, kwa sababu zilizokaa ghalani penye unyevunyevu huwa na hali hiyohiyo.

Ndani ya chumba nilitumia chuma kisichoshika kutu na kukataa kabisa kupaka kuta dawa ya kuzuia chakula kugandamana, kwani dawa hiyo ya PTFE huanza kuharibika ikipita nyuzi 260, na ukuta ulio karibu na koili ya kubanika hupita hapo kwa urahisi. Raba ya mlango ni ya silikoni, na kwa ajili yake niliuwekea uokaji kikomo cha nyuzi 220. Mfereji wa chini ya mlango sasa una mteremko unaorudisha matone ndani. Mota ya feni iko nje, na kwenye ekseli yake kuna pangaboi la pili linaloipulizia hewa baridi. Bila hilo bushi zake hazidumu.

Kilichobaki kusimamiwa na mtumiaji ni chokaa. Maji mengi huacha magamba meupe ndani ya kichemshio, na magamba hayo yakinenepa hukitenganisha kitako na maji, kihisi kikasoma nyuzi 105 ilhali maji bado yapo, na dozi zikaanza kurundikana. Kwa sababu hiyo kifuniko cha kichemshio nimekifunga kwa skrubu mbili za kuzungushwa kwa vidole, zinazofikika kwa nyuma bila kuligeuza jiko, na programu huhesabu dozi na kuwasha taa ya njano inapofika zamu ya kumimina maji yenye asidi ya sitriki, kuyaacha yafanye kazi kwa nusu saa, na kuyamwaga.