Klorobutanoli, kihifadhi chenye masharti

Ukifungua chupa yenye fuwele za klorobutanoli, kihifadhi kinachozuia dawa kuharibiwa na vijidudu, harufu ndiyo inayotangulia: kali, ya kupanda puani, inayofanana sana na ya kafuri. Fuwele hizo nyeupe hugeuka mvuke polepole hata katika joto la kawaida la chumba, na kwa maoni yangu sehemu kubwa ya usumbufu wake katika utengenezaji wa dawa inaanzia hapo.

Kikemia, ni alkoholi yenye atomi 4 za kaboni na 3 za klorini, na klorini zote zimeshikamana na kaboni moja. Hutengenezwa kwa kuchanganya asetoni na klorofomu palipo na besi (kinyume cha asidi) kali, kama vile haidroksidi ya potasiamu. Mmenyuko huo hutoa joto jingi, ndiyo maana mabaki ya vimiminika hivyo viwili hayapaswi kumwagwa katika chombo kimoja, kwani besi ikiingia humo chombo kinaweza kulipuka.

Kazi yake kubwa ni kuzuia bakteria na baadhi ya kuvu katika matone ya macho na dawa za sindano, kwa kawaida kwa kiwango cha asilimia 0.5. Mtengenezaji hana nafasi kubwa ya kuongeza, kwa sababu maji huyeyusha takriban asilimia 0.8 tu. Hata hicho kidogo hakidumu kila mahali: katika pH (kipimo cha asidi, ambapo namba ndogo ni asidi zaidi) ya 3 klorobutanoli hutulia vizuri, lakini katika pH ya 7.5, kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, nusu yake huharibika ndani ya miezi 3 hivi. Machozi nayo yana pH ya karibu 7.4, kwa hiyo pH inayolifaa jicho ndiyo inayokiua kihifadhi. Kuhusu chombo, ningechagua kioo bila kusita, maana dutu hii hupenya plastiki ya polithini na kunywewa na vizibo vya mpira.

Zamani ilitumiwa pia kama dawa ya usingizi, na uwezo huo haujapotea. Mwili huiondoa polepole mno, kwa siku nyingi, na yupo mgonjwa aliyeripotiwa kupata usingizi mzito baada ya kupewa mshipani dozi kubwa za mofini iliyohifadhiwa kwayo. Tone la jicho halinitii wasiwasi huo. Dripu ya siku kadhaa mfululizo ningeitafutia dawa isiyo na kihifadhi hiki.