Kisima cha Ubatizo cha Winchester, Jiwe Lililovuka Bahari

Wageni wanaoingia katika Kanisa Kuu la Winchester, kusini mwa Uingereza, huvutwa kwanza na urefu wa jengo lenyewe, na wengi hukipita bila kukitazama kisima cha ubatizo kilichosimama upande wa kaskazini. Ni pande la jiwe jeusi lenye umbo la mraba, kila ubavu ukikaribia mita moja, lililochimbwa shimo la mviringo lenye nafasi ya kumzamisha mtoto mchanga, maana ndivyo watoto walivyobatizwa siku hizo. Chini yake kuna nguzo nene ya katikati na nguzo nne nyembamba za pembeni. Kilichongwa katika karne ya 12, na kwa maoni yangu hakuna kitu kingine katika kanisa hilo kinachoonyesha vizuri zaidi jinsi ibada na biashara ya baharini zilivyofungamana wakati huo.

Jiwe lenyewe si la Uingereza. Lilitoka Tournai, mji ulio kando ya mto Scheldt katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji. Huitwa marumaru, ingawa kwa kweli ni jiwe gumu la chokaa ambalo likisuguliwa hung'aa kama marumaru. Mafundi wa Tournai walichonga visima vya namna hii kwa ajili ya kuviuza, vikapakiwa vyomboni, vikateremka na mto hadi baharini, kisha vikavushwa. Nchini Uingereza vimebaki saba vilivyo kamili, na vinne kati ya hivyo viko katika kaunti moja ya Hampshire: Winchester, East Meon, St Mary Bourne na Southampton. Vingine viko Lincoln, Thornton Curtis na Ipswich. Mzigo mzito kiasi hicho ulisafirishwa kwa maji kadiri ilivyowezekana, kwa kuwa kuukokota barabarani kwa magari ya ng'ombe kulikuwa gharama kubwa na hatari ya kuuvunja.

Anayeaminika kukiagiza kisima cha Winchester ni Henry wa Blois, askofu wa mji huo kuanzia mwaka 1129 hadi alipofariki mwaka 1171. Alikuwa mjukuu wa William Mshindi, mfalme Mnormani aliyeiteka Uingereza, na ndugu wa Mfalme Stephen wa nchi hiyo, tajiri aliyependa vitu vya thamani kiasi kwamba aliwahi kununua sanamu za kale mjini Roma na kuzisafirisha hadi kwake. Mtu wa tabia hiyo hakushindwa kuagiza jiwe kutoka ng'ambo.

Mbavu mbili za kisima zina ndege na wanyama ndani ya duara, na hizo nazipita haraka. Zilizobaki mbili zinasimulia habari za Mtakatifu Nikolasi, askofu wa Myra katika Uturuki ya leo, ambaye mifupa yake ilichukuliwa na mabaharia na kupelekwa Bari, Italia, mwaka 1087. Kusini mwa Italia kulitawaliwa na Wanormani, ndugu za wale waliokuwa wameiteka Uingereza mwaka 1066, na sifa za mtakatifu huyo zilienea upesi kaskazini. Mabaharia, wafanyabiashara na watoto walimwona kuwa mlinzi wao.

Ubavu mmoja unamwonyesha akimpa fedha baba maskini mwenye mabinti watatu. Msomaji wetu anaweza kushangaa hapo, kwa sababu kwa desturi ya huko baba wa binti ndiye aliyetoa mali ili bintiye aolewe, kinyume kabisa na mahari yetu, hivyo baba asiye na kitu alikuwa karibu kuwatumbukiza wanawe katika ukahaba.

Ubavu wa pili una mwenye nyumba ya wageni akiwa na shoka, pamoja na vijana watatu aliowaua, ambao Nikolasi anawafufua. Hapo hapo kuna meli. Hadithi yake ni ya bwana aliyeweka nadhiri ya kutoa kikombe cha dhahabu akipata mtoto wa kiume, kisha, kikombe kilipokwisha kufuliwa, akakipenda mno na kuagiza kingine hafifu cha kukitoa badala yake. Safarini mwanawe aliinama kuteka maji kwa kikombe kile kizuri, akatumbukia na kuzama. Baba alipofikisha kikombe hafifu altareni kilikataliwa, na ndipo mtoto akatokea mzima akiwa na kikombe cha kwanza mkononi.

Itazame meli hiyo kwa karibu. Nyuma kabisa ya chombo kuna usukani uliofungwa kwenye tezi. Katika Ulaya ya kaskazini vyombo vilikuwa vikiongozwa kwa kasia kubwa la ubavuni, upande wa kulia, na mchoro huu, pamoja na ule wa kisima cha Zedelgem nchini Ubelgiji ambacho pia ni cha jiwe la Tournai, ni miongoni mwa picha za kale zaidi za Ulaya zenye usukani wa aina hiyo, ingawa Wachina walikuwa nao karne nyingi kabla. Wachongaji hawakuijua Myra, na watu wao wana vichwa vikubwa na miili mifupi. Meli, hata hivyo, walizijua, kwa kuwa kazi zao zilisafiri ndani yake.

Visima vya Uingereza vilipitia mengi baadaye. Mwaka 1236 Askofu Mkuu Edmund wa Canterbury aliagiza vifungwe kwa kufuli, kwa kuwa maji yaliyobarikiwa yaliibwa kwa ajili ya uchawi. Desemba 1642 askari wa Bunge, lililokuwa likipigana vita na mfalme, walilivamia Kanisa Kuu la Winchester, wakavunja madirisha na kutawanya mifupa ya wafalme wa kale. Mwaka 1644 Bunge likaamuru visima viondolewe makanisani, na baadhi vikaishia mashambani kunyweshea ng'ombe, hadi ufalme uliporudi mwaka 1660 na parokia zikaanza kuvirudisha au kuchonga vipya. Kile cha Winchester kilinusurika, na hadithi zake bado zinasomeka.