Si Kila Maumivu ni ya Kifafa

Watu wakijua una kifafa, watakuuliza kila kitu kuhusu kuanguka. Unasikiaje kabla? Ni kweli povu linaambukiza? (Haliambukizi.) Kesho yake hakuna anayeuliza. Wameshakuona umeamka, umekaa, umekunywa uji, basi wanajua yamekwisha. Mimi hiyo kesho yake ndiyo ninayoiogopa.

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro mjini, na kifafa ninacho tangu nikiwa darasa la sita. Siku hizi dawa zimenituliza, naweza kumaliza miezi bila kuanguka. Lakini ikitokea, huwa ni ile ya mwili mzima: unakakamaa, unatupatupa, halafu usingizi mzito. Nikiamka, cha kwanza kuniuma ni ulimi, kwa pembeni, pale meno yalipofunga. Kisha kichwa. Misuli huja nyuma, na siku ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza. Mapaja, shingo, mbavu, hata taya, vyote vinauma kama vya mtu aliyelima mpunga kutwa halafu akapigwa virungu njiani akirudi.

Daktari wa kliniki yetu alinieleza sababu. Wakati wa kukakamaa, misuli yote hujikaza kwa mpigo mmoja, kwa nguvu ambazo mtu mwenye fahamu zake hawezi kuzitoa hata akitaka. Nyuzi zake huumia ndani kwa ndani, na kinachouma siku zinazofuata ni hayo majeraha yakipona. Kwa hiyo huko kuuma kuna mwendo wake. Kwangu mimi kunapanda hadi siku ya pili, siku ya tatu kunaanza kushuka, na kabla wiki haijaisha nimesharudi kwenye cherehani.

Kwa hayo ya kawaida nina taratibu zangu. Ulimi nausukutua kwa maji ya vuguvugu, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi moja, kila nikimaliza kula. Uji wa mchele bila ndimu, na pilipili naisahau kwanza. Mama hunikanda mgongo kwa kitambaa cha maji ya moto, ila anakipima kwanza kwenye mkono wake, maana mimi siku hiyo ya kwanza bado nimezubaa na naweza kuungua nisiseme kitu. Kwa maumivu nameza parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500, si zaidi ya mara nne kwa siku. Nakunywa maji mengi na mkojo nauangalia. Nesi alinisisitizia hilo: mkojo ukitoka rangi ya chai ya rangi au ya koka, misuli imevunjika kiasi cha kuziumiza figo, na hapo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna dawa moja nataka niitaje, kwa sababu duka la dawa la mtaani linaweza kukupa kwa moyo mweupe kabisa. Nilienda na mwili umeniuma, kijana wa dukani akaniambia, "Dada, parasetamoli haitakusaidia, chukua hii tramadoli." Nikamwambia nina kifafa. Akashangaa, haoni uhusiano. Uhusiano upo: tramadoli inaweza yenyewe kuleta kuanguka, hata kwa asiye na kifafa, sembuse sisi. Nesi alikuwa ametuonya wote pale kwenye benchi la kliniki, na alituambia kila tukinunua dawa yoyote tutaje kwanza ile ya kifafa tunayotumia. Mimi natumia kabamazepini, na siyo kila dawa inaelewana nayo.

Sasa bega.

Masika moja nilianguka kibandani, kati ya meza ya kukatia na cherehani. Nikaamka, ulimi, kichwa, misuli, yote kwa zamu yake. Wiki ikaisha, mwili ukanyooka, isipokuwa bega la kushoto. Nilienda hospitali moja, wakanipiga eksirei ya kutazama mbele, wakasema mfupa mzima. Nilipoeleza kwamba mkono hauendi, nikajibiwa ni uchovu wa kifafa, utapoa, nikapewa dawa ya kuchua. Ukiwa na kifafa, kila kitu chako ni kifafa. Nadhani hata ningechomwa na msumari wangetafuta uhusiano.

Kilichonishtua kilitokea kibandani. Mama mmoja mtu mzima alikuja kuchukua gauni lake, akanipa pesa, na mimi kwa adabu nikapokea kwa mikono miwili. Kiganja cha kulia kikafunguka vizuri. Cha kushoto kikagoma. Kilibaki kimelala kwa ubavu, kinatazama tumbo langu, na nilipojaribu kukigeuza kitazame juu, kiwiko ndicho kilichokimbia, kiganja kikabaki pale pale. Sarafu zikamwagika sakafuni. Yule mama akasema, "Pole mwanangu," akainama kuziokota, na mimi nikabaki nautazama mkono. Haukuwa umechoka. Kulikuwa na kitu kinauzuia.

Mjomba alitaka anipeleke kwa mzee mmoja anayevuta viungo, na nyumbani karibu wote walikubali. Nikamwambia, "Mjomba, huyo mzee shikamoo yake nitampa, ila bega asiliguse mpaka lipigwe picha nyingine." Alicheka, lakini aliniacha.

Kilichonisaidia kliniki ni daftari. Mafundi tuna daftari la vipimo, na mimi kurasa za nyuma naandika habari za mwili wangu: tarehe niliyoanguka, dakika alizohesabu aliyekuwepo, na kila siku inayofuata kinachouma ni nini na kimepungua au la. Daktari alisoma ukurasa ule akaona kila kitu kimepungua siku ya tatu na ya nne, bega peke yake limeandikwa "vile vile" hadi mwisho. Hakuniambia utapoa. Alinikalisha, akaniwekea kiwiko ubavuni, akaniambia nizungushe mkono uende nje. Haukwenda hata kidogo. Akapapasa bega kwa mbele, pamebonyea. Kwa nyuma, pana kinundu. Akaandika ipigwe picha nyingine, safari hii kwa kupitia kwapani.

Bega lilikuwa limetoka mahali pake kwa nyuma.

Alinichorea kwenye karatasi. Mabega yanayoteguka, zaidi ya 90 katika kila 100 hutoka kwa mbele, na watu wa hospitali wamezoea hayo. Kutoka kwa nyuma ni nadra, na moja ya sababu zake kubwa ni kifafa, pamoja na kupigwa na umeme. Misuli inayouvuta mkono kwa ndani ina nguvu kuliko ile inayouzungusha nje, na yote ikijikaza kwa pamoja, yenye nguvu inashinda na kichwa cha mfupa kinasukumwa nyuma. Hakuna haja ya kugonga popote. Kwenye picha ya kutazama mbele bega la namna hiyo linaweza kuonekana limetulia tu. Ndiyo maana natamani kila mwenye kifafa ajue vile vipimo viwili, cha kugeuza kiganja kitazame juu na cha kuzungusha mkono nje kiwiko kikiwa ubavuni, kwa kuwa havihitaji mashine.

Walinirudishia bega nikiwa nimelazwa usingizi. Daktari alisema nimewahi. Lingekaa miezi wangelazimika kupasua. Nikafungwa mkono ukiwa mbele yangu, mkao wa mtu anayetaka kupeana mkono, kwa wiki kadhaa. Msimu wa Idi ukanipita hivi hivi, vitambaa vya watu nikavigawa kwa mafundi wenzangu, na pesa yake ikaenda huko.

Baadaye fizio, yaani mazoezi ya tiba. Zoezi la kwanza lilinifanya nicheke: unainama, mkono mzima umeshika meza, ule mbovu unauacha uning'inie na kuuzungusha viduara vidogo. Halafu kupandisha vidole ukutani, kimoja kimoja, mpaka bega likatae. Mimi nilipofika mwisho niliweka alama kwa chaki ya kukatia, na ukuta wa kibanda changu ukajaa mistari, kila mmoja juu kidogo ya mwenzake, isipokuwa wiki moja niliyoanguka tena na mstari ukashuka. Zoezi gumu kwangu lilikuwa la kusukuma ukuta kwa mgongo wa mkono bila kuusogeza, kiwiko kimegusa ubavu. Halionekani kitu, lakini ndilo linalojenga misuli ile dhaifu ya nyuma.

Kaka zangu nao ilibidi wajifunze upya. Zamani nikianguka walinishika mikono na miguu kwa nguvu, mmoja anatafuta kijiko aniwekee mdomoni. Walifanya kwa upendo. Lakini misuli inayojikaza ukiishindania ndipo viungo vinapoteguka na mifupa kuvunjika, na kijiko huvunja meno. Sasa wanaweka kitu laini chini ya kichwa, wanasogeza mkasi na viti, mitupo ikitulia wananigeuza ubavu, na mmoja anaangalia saa ya simu. Zikipita dakika 5 bila kuacha, wananikimbiza hospitali.

Kibandani pasi ya mkaa siigusi, ananyooshea mwanafunzi wangu. Hilo nimelirithi kwa bibi yangu, Mpogoro wa Mahenge. Kule kifafa kipo kingi kuliko sehemu nyingi, na wataalamu wanakihusisha na usubi, ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na nzi wa kwenye mito. Bibi aliwaona watu waliobaki na makovu ya moto maisha yao yote, kwa kuwa aliyeangukia jikoni wenzake waliogopa kumgusa. Anakumbuka pia daktari Mnorwe, Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa kule, watu wakaanza kupewa vidonge na kuacha kuanguka. Kwa hiyo mimi jiko nimeliinua, sufuria la maji ya moto silibebi, bafuni mlango naurudishia bila komeo na kuoga naoga nimekaa.

Daktari pia aligusia mifupa. Dawa za kifafa kama kabamazepini, fenobabitali na fenitoini zikitumika miaka mingi zinaweza kupunguza vitamini D mwilini, na mifupa ikalegea. Kliniki kuna kijana aliyekuwa akilalamika mgongo, katikati ya mabega, akiambiwa ni misuli; alipopigwa picha, pingili za uti wa mgongo zilikuwa zimebonyea kwa nguvu ya mkakamao wenyewe. Mimi nakula dagaa, napata jua la asubuhi, na nimeuliza kama nahitaji vidonge vya kuongezea. Muulize wako, dawa usiache wala usipunguze kwa sababu ya habari hii. Kinacholinda bega langu kuliko mazoezi yote ni kutoanguka.

Hivi leo mkono wa kushoto unaongoza kitambaa vizuri, na kiganja kinafunguka, si chote, lakini sarafu hazimwagiki. Mwezi wa saba baridi ya milima ya Uluguru ikishuka, bega linavuta. Kufunga zipu ya mgongoni siwezi, mkono haupindi kiasi hicho, kwa hiyo magauni yangu yote sasa nayashona na vifungo mbele. Wateja wameyaona, wanayaagiza, wanadhani ndiyo fasheni.